Chuma, Kongosho na Homoni ya Usiku: Historia ya Tiba ya Vizuia Oksidishaji Ikisomwa kutoka Wete, Pemba

Tarehe 19 Agosti 2003, jopo huru lililopewa jukumu la kukagua data na usalama wa jaribio la tiba lililokuwa likiendelea kisiwani Pemba lilipendekeza kwamba makundi mawili kati ya manne ya jaribio hilo yasimamishwe. Watoto wa makundi hayo, walioandikishwa wakiwa na umri wa kati ya mwezi 1 na miezi 35, walikuwa wakipewa kila siku miligramu 12.5 za madini ya chuma pamoja na mikrogramu 50 za asidi ya foliki, na nusu ya kiasi hicho kwa waliokuwa hawajatimiza mwaka. Kundi moja liliongezewa zinki, jingine halikuongezewa. Kutoka Wete na Micheweni upande wa kaskazini hadi Chake Chake na Mkoani, chuma kilikuwa kikitolewa kwa nia ambayo hakuna mzazi wala daktari angeitilia shaka: kuongeza damu ya watoto katika kisiwa ambacho upungufu wa damu ulikuwa hali ya takribani kila nyumba. Kilichodhihirika ni kinyume cha matarajio. Watoto waliopewa chuma walikuwa wakilazwa hospitalini zaidi kuliko wenzao ambao hawakupewa.

Insha hii inahusu homoni ya melatonini na ugonjwa wa kuvimba ghafla kwa kongosho, na msomaji ana haki ya kuuliza chuma cha watoto wa Pemba kinaingiaje humo. Kinaingia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kikemia. Mwaka 1894 Henry Fenton, mkemia wa Cambridge, alieleza namna chuma kinavyochochea nguvu ya peroksidi ya haidrojeni ya kuunguza kemikali za kikaboni. Miaka arobaini baadaye Fritz Haber na Joseph Weiss walipendekeza kwamba kinachozaliwa katika mchanganyiko huo ni radikali ya haidroksili, chembe isiyotulia inayonyakua elektroni kutoka kwa chochote kilicho karibu nayo. Radikali hiyo hiyo ndiyo melatonini ilitangazwa, mwaka 1993, kuwa na uwezo wa kuizima. Kwa hiyo chuma na melatonini hukaa katika pande mbili za mlinganyo mmoja: kimoja huwasha, kingine huzima. Njia ya pili ni ya kihistoria, na ndiyo yenye uzito zaidi hapa. Pemba ni miongoni mwa mahali pachache duniani ambapo tiba iliyokuwa na mantiki kamili ya kibayolojia, na iliyokwisha kuidhinishwa na miongozo ya kimataifa, ilipimwa kwa maelfu ya watu na kukutwa na madhara. Anayetaka kujua melatonini ipewe imani kiasi gani anaweza kuanza kwa kusoma yaliyotokea hapo.

Kongosho ni tezi iliyolala nyuma ya tumbo, ikizalisha insulini pamoja na vimeng'enya vya kusagia chakula. Katika hali ya kawaida vimeng'enya hivyo hutoka vikiwa vimelala, na huamka vikifika kwenye utumbo. Mwaka 1889 Reginald Fitz, mwanapatholojia wa Boston, aliyakusanya maelezo ya wagonjwa waliokufa kwa maumivu makali ya tumbo na kuupa ugonjwa huu sura yake ya kitabibu. Miaka saba baadaye, huko Prague, Hans Chiari alitoa hoja ambayo mpaka leo haijang'oka: kwamba tezi hii hujisaga yenyewe, vimeng'enya vikiwa vimeamka kabla ya wakati. Hoja ya Chiari ilizaa tiba yake. Kama vimeng'enya ndivyo adui, basi vizuiwe. Dawa ya aprotinini, ambayo huzuia vimeng'enya vinavyovunja protini, ilitumika kwa imani kubwa. Homoni ya glukagoni nayo ilitumika, kwa kuwa ilijulikana kupunguza utokaji wa majimaji ya kongosho. Mwaka 1977 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha matokeo ya jaribio lililozijumuisha dawa zote mbili katika hospitali kadhaa. Hakuna iliyopunguza vifo.

Kipindi hiki cha glukagoni hutajwa kwa haraka mno katika maandishi ya historia ya ugonjwa huu, na pengine ni kwa sababu kushindwa hakuna wasimulizi wengi. Lakini ndicho kipindi kinachofanana zaidi na hali ya melatonini leo. Wakati ule pia palikuwapo homoni ya mwili wenyewe, na palikuwapo maelezo ya kuridhisha ya namna inavyofanya kazi, nayo yalithibitishwa kwa wanyama. Kilichokosekana ni jibu la mgonjwa.

Baada ya vimeng'enya, macho yaligeukia oksijeni. Mwaka 1984 Hilary Sanfey na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, walionesha kwamba kongosho la mbwa lililotolewa mwilini na kupitishiwa damu kwa mirija liliumia kidogo zaidi lilipopewa vimeng'enya vinavyoondoa radikali huru. Huko Manchester, Joan Braganza alikuwa akiijenga nadharia pana zaidi, kwamba maradhi ya kongosho kwa jumla huanzia katika msongo wa oksidishaji ndani ya seli zake. Nadharia hii ilivutia kwa kuwa dawa zake zilikuwa rahisi na karibu: vitamini C, selenia, asetilisisteini. Ni stahiki kusema kwamba mji wa Manchester haukuishia kwenye nadharia. Mwaka 2007 Ajith Siriwardena na wenzake walichapisha jaribio la kificho la vitu hivyo vitatu kwa wagonjwa 43 wenye uvimbe mkali wa kongosho. Manufaa hayakuonekana, na kundi lililopewa dawa halikuwa na hali nzuri kuliko lile lililopewa dawa tupu.

Melatonini iliingia katika mjadala huu ikitokea mbali. Mwaka 1917 watafiti wawili wa Marekani, McCord na Allen, waliwalisha viluwiluwi tezi ya pinea ya ng'ombe na kuona ngozi zao zinakuwa nyeupe. Mwaka 1958 Aaron Lerner wa Chuo Kikuu cha Yale, ambaye alikuwa daktari wa ngozi na akitafuta tiba ya mabaka meupe, aliitenga homoni yenyewe na kuipa jina. Ngozi ya binadamu haikuitikia, na kwa miaka mingi melatonini ikabaki kuwa homoni ya giza: hupanda usiku, hushuka alfajiri, huuambia mwili saa. Ugunduzi wa mwaka 1993, uliotoka kwa kundi la Russel Reiter huko Texas, uliibadilishia kazi. Kuanzia hapo ikawa pia kizuia oksidishaji, na ikajaribiwa karibu kwa kila kiungo kinachoweza kuvimba.

Kwa upande wa kongosho, kazi kubwa ilifanyika Krakow, Poland, ambako Jolanta Jaworek na wenzake walionesha katika mfululizo wa majaribio kwamba panya waliopewa melatonini, au triptofani ambayo mwili huigeuza kuwa melatonini, walipata uvimbe mdogo zaidi. Njia iliyotumika kuwaugua panya hao ni ya seruleini, kemikali iliyogunduliwa katika ngozi ya chura wa Australia, ambayo huilazimisha kongosho kutoa vimeng'enya kupita kiasi. Majaribio hayo yalifanywa kwa uangalifu, na insha hii haina ugomvi na matokeo yake. Ugomvi uko kwenye saa. Katika mengi ya majaribio ya aina hiyo, dawa hutolewa kabla ya jeraha au sambamba nalo. Panya hupewa kinga, kisha huugua. Binadamu huugua kwanza. Mtu wa Kisiwa cha Fundo au cha Kojani, vyote vikiwa katika Wilaya ya Wete, anayekatwa na maumivu ya tumbo usiku, hana budi kusubiri mapambazuko au kupata chombo, kuvuka maji, kupanda gari na kufika hospitali, na kufikia hapo kongosho lake limekwisha kujisaga kwa saa nyingi. Swali la iwapo melatonini inaweza kuuzima moto uliokwisha kushika paa ni swali jingine kabisa, na halijibiwi na panya aliyekingwa.

Hatari ya kuliruka swali hilo haikuwa ya kinadharia tu. Mwaka 2008 watafiti wa Uholanzi walichapisha jaribio la bakteria rafiki kwa wagonjwa 296 waliotabiriwa kupata uvimbe mkali wa kongosho. Bakteria hao ni wa aina zinazouzwa madukani kama chakula cha afya, na mantiki ilikuwa safi: wangezuia bakteria wabaya wasivuke ukuta wa utumbo. Katika kundi lililopewa bakteria walikufa asilimia 16. Katika kundi jingine, asilimia 6. Wagonjwa tisa waliopewa bakteria walikosa damu kwenye utumbo, na katika kundi la pili hakuna aliyepatwa na hali hiyo. Wengi waliosoma matokeo hayo walishtushwa na jambo moja zaidi ya vifo vyenyewe: kwamba kitu kilichohesabiwa kuwa hakina dhara kwa mtu mzima kilikuwa na dhara kubwa kwa mtu aliyezidiwa.

Na hapa Pemba inarudi. Chuma nacho kilikuwa na jina zuri. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 1998, ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani na UNICEF, ulielekeza kwamba mahali ambapo upungufu wa damu umeenea sana watoto wadogo wote wapewe chuma na foliki bila kupimwa kwanza. Kiasi cha miligramu 12.5 na mikrogramu 50 kilitoka humo. Pemba yenyewe ilikuwa imechangia sifa hiyo. Mwaka 2001 Rebecca Stoltzfus na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 614 wa kisiwani ulioonesha kwamba chuma kwa kiasi kidogo kila siku kiliwasaidia kukua kilugha, na kwa wale waliokuwa na damu ndogo zaidi kiliwasaidia pia katika mwendo. Wakati huo huo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri, iliyofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000 na kupewa jina la mwanaparasitolojia wa Italia, ilikuwa imekipa kisiwa uwezo wa kufanya utafiti mkubwa bila kutegemea kila kipimo kipelekwe ng'ambo. Jaribio lililofuata, likiongozwa na Sunil Sazawal na Robert Black wa Johns Hopkins pamoja na watafiti wa Zanzibar kama Mahdi Ramsan, Hababu Chwaya na Fatma Kabole, halikukusudia kuuliza kama chuma ni kizuri. Lilikusudia kupima kinaokoa maisha mangapi.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwezi Januari 2006. Watoto 24,076 walihesabiwa. Waliopewa chuma na foliki, wenye zinki na wasio na zinki, walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufa au kupata ugonjwa mkali wa kuwalaza hospitalini. Kulazwa peke yake kulizidi kwa asilimia 11. Vifo vilizidi kwa asilimia 15, ingawa tofauti hiyo ya mwisho haikufikia kiwango cha kuondoa shaka ya bahati. Toleo hilo hilo la jarida lilikuwa na jaribio pacha kutoka Nepal, lenye dawa zile zile kwa watoto wa umri ule ule, na huko hakukuonekana madhara wala kuokoka kwa maisha zaidi. Tofauti iliyo wazi kati ya nyanda za Nepal na Pemba ya wakati ule ni malaria, ambayo Pemba iliambukiza mwaka mzima.

Ndani ya takwimu za Pemba kulikuwa na jambo ambalo wasomaji wa haraka walilikosa. Katika sehemu ndogo ya jaribio watoto walipimwa damu mwanzoni na kufuatiliwa kwa karibu, pamoja na kutibiwa. Huko, watoto ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma na damu walinufaika. Madhara hayakuwa ya chuma kama chuma. Yalikuwa ya chuma kilichotolewa kwa kila mtoto, mwenye haja na asiye na haja, katika mazingira ya vimelea na huduma haba. Kuhusu zinki, ambayo ilihesabiwa katika kundi la vizuia oksidishaji na iliendelea kutolewa baada ya chuma kusimamishwa, matokeo ya mwaka 2007 yalionesha upungufu wa vifo wa asilimia 7 usioweza kutenganishwa na bahati. Matumaini yalikuwa makubwa kuliko hayo.

Msomaji wa kemia anaweza kushawishika kuhitimisha kwamba Fenton amethibitishwa Pemba: chuma kilizidi, radikali zikazaliwa, watoto wakaumia. Ushawishi huo ukataliwe. Jaribio la Pemba lilihesabu kulazwa na vifo. Halikupima radikali za haidroksili katika damu ya watoto. Maelezo mengine yana nguvu sawa au zaidi: kimelea cha malaria huhitaji chuma ili kistawi, na bakteria wengi wa utumbo pia hukihitaji. Anayeyachukua matokeo ya Pemba na kuyafanya ushahidi wa kwamba vizuia oksidishaji vitaponya hutenda kosa lile lile lililofanywa na waliotangulia, yaani kulijaza pengo kati ya kemia na mgonjwa kwa hadithi. Kama nguvu ya kuzima radikali katika chupa ya maabara ingetosha kuwa tiba, Pemba isingehitaji kuagiza kitu. Karafuu huwa miongoni mwa viungo vinavyoshika nafasi za juu kabisa katika vipimo hivyo, na katika msimu wa mavuno zimeanikwa kwenye majamvi kila upande wa mji wa Wete.

Kuna tofauti nyingine ya mahali inayohusu kongosho moja kwa moja. Vitabu vya tiba vya Ulaya hutaja kwanza sababu mbili za ugonjwa huu, mawe ya nyongo na pombe. Mwaka 1990 Mohammad Sultan Khuroo alichapisha taarifa ya wagonjwa 500 wa Kashmir ambao minyoo ya mviringo, ile ambayo Waswahili huijumuisha katika jina la mchango, ilikuwa imepanda kwenye mirija ya nyongo na ya kongosho. Kati yao 31 walikuwa na uvimbe wa ghafla wa kongosho. Kashmir na Pemba ni mahali pawili pasipofanana kwa hali ya hewa, lakini kote kuwili pombe hainyweki hadharani na mchango ulienea miongoni mwa watoto. Unyoo ukiziba mrija, tiba ya kwanza ni kuutoa au kuusubiri urudi utumboni, mgonjwa akipewa maji ya mshipa na dawa ya maumivu, kisha kuuua ukiwa umetoka mrijani. Kizuia oksidishaji hakiondoi unyoo.

Kisiwa kimefanya kazi kubwa juu ya mchango kuliko inavyokumbukwa. Dawa ya mebendazoli ilianza kutolewa kwa mpango katika skuli za Pemba miaka ya 1990, na mwaka 2003 Marco Albonico na wenzake waliripoti kwamba, baada ya miaka ya kurudiarudiwa, nguvu yake dhidi ya minyoo ya safura ilikuwa imepungua. Mwaka 2012 wanafunzi wa skuli ya Mchangamdogo, Wilaya ya Wete, na wa Shungi, Chake Chake, walishiriki katika jaribio lililochapishwa mwaka 2014 katika New England Journal of Medicine: oksanteli ikichanganywa na albendazoli iliponya asilimia 31.2 ya maambukizi ya minyoo mjeledi, ilhali albendazoli peke yake iliponya asilimia 2.6. Namba hiyo ya mwisho ni ya dawa iliyokuwa ikigawiwa kwa mamilioni ya watoto duniani.

Melatonini ina jambo moja linalofanana zaidi na chuma kuliko na albendazoli. Nchini Marekani, chini ya sheria ya mwaka 1994, huuzwa dukani bila cheti cha daktari, kama kirutubisho. Neno hilo hulinda. Dawa hutiliwa shaka mpaka ithibitike; kirutubisho huaminiwa mpaka kitiwe hatiani, na katika nchi zisizo na majaribio makubwa hakuna mahakama ya kukitia hatiani. Ndiyo sababu kusimamishwa kwa mwaka 2003 hakustahili kuitwa kushindwa, kama baadhi ya maandishi yanavyodokeza. Kabla ya jaribio hilo watoto wa nchi nyingi zenye malaria walikuwa wakielekezewa chuma bila kupimwa, na kama kulikuwa na madhara hakuna aliyekuwa akiyahesabu. Gharama ya kuhesabu ilibebwa na familia za Pemba. Suala la kama familia hizo zilipata kuelezwa kwa Kiswahili walichokifahamu, si siku ya kuandikishwa tu bali pia baada ya matokeo, lina haki ya kuwa sehemu ya historia ya jaribio hilo sawa na asilimia zake.

Mwezi Juni 2006 Shirika la Afya Duniani liliwakutanisha wataalamu mjini Lyon kuyajadili matokeo ya Pemba, na ushauri wa kuwapa chuma watoto wote wa maeneo ya malaria bila kuwapima ukaachwa. Wakati huo huo Pemba yenyewe ilikuwa ikibadilika chini ya miguu ya wataalamu hao. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2003 Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto za malaria, kisha vyandarua vyenye dawa vikaenezwa, na katika muda wa miaka michache maambukizi yakashuka chini ya asilimia 1. Mwongozo wa mwaka 2016 uliirudisha chuma kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 mahali penye upungufu mkubwa wa damu, kwa sharti kwamba penye malaria pawe pia na kinga na tiba yake. Mtoto aliyeandikishwa Wete mwaka 2002 na mtoto anayezaliwa Wete leo wanaishi katika kisiwa kimoja, lakini jaribio lililofanywa kwa wa kwanza haliwezi tena kurudiwa kwa wa pili.